Fishi ya Kijani ya Mama Deta

Ujumbe wa sauti ulinifikia Lubumbashi Jumanne moja ya mwezi uliopita, nikiwa ofisini nangoja chai ipoe. Ulitoka kwa Mama Astrida, muuguzi niliyefanya naye kazi Kalemie, na kama kawaida yake hakuanza na salamu. "Madmazeli, Mama Veronika ametuacha. Tumemuzika leo. Batu walijaa mpaka ku barabara, hata bale walikuwa wanamuogopa." Niliusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilijikuta nacheka peke yangu huku macho yamelowa, kwa sababu maneno ya kwanza ambayo marehemu huyo aliwahi kuniambia yalikuwa: "Weye mutoto wa makaratasi, toka hapo, unakalia njia ya moshi." Chai ilipoa hata haikunyweka tena. Tangu nilipoondoka Kalemie nimefanya kazi nyingine, katika ofisi zenye viti vizuri zaidi, lakini nikiulizwa nilijifunzia wapi kazi yangu, ulimi hujibu chuo kikuu na moyo hujibu mtaa wa Kataki, kule Kalemie, mwaka ule mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na minne, diploma mpya kabisa ya afya ya umma, na tabia ya kulifikiria jambo moja mpaka linachakaa.

Chumba tulichopewa kwenye kituo cha afya kilikuwa stoo ya vyandarua. Vyandarua vilihamishwa, harufu yake ikabaki. Kuta zilikuwa za bluu mpaka usawa wa bega, juu yake nyeupe, na dirisha la pekee liliangalia ziwa, kwa hiyo kila mchana upepo ulituletea harufu ya ndagala waliotandazwa kukauka ufukoni. Kulikuwa na meza moja, kitanda cha kupimia, na pazia ambalo Mama Astrida alilishona kwa kitenge chake cha zamani. Saa nne kamili, hata kama kuna wagonjwa kumi nje, Mama Astrida alifunua sahani ya viazi vitamu na ndagala wa kukaanga, akasema, "Tumbo haisomi ratiba," na sote wawili tulikula kwa vidole juu ya meza ileile, huku nikiziinua karatasi zangu zisiingie mafuta. Mara moja kila baada ya miezi mitatu tulikuwa watatu. Dokta Felisia alikuja kwa ndege kutoka Lubumbashi, amebeba mgongoni kifaa kidogo cha ekografia, cha kuona ndani ya mwili, kama mwanafunzi anayebeba vitabu, akakaa wiki moja, akaondoka nacho Jumamosi mchana. Hatukukiita jina lake. Tulikiita mashini, na mtaa mzima ukakiita mashini.

Kabla yangu, mashini ilikuwa ya anayewahi. Wake wa wakubwa walifika saa moja asubuhi. Wasichana wa miaka kumi na tisa, wanaoshtushwa na kila kipele, walijipanga kila duru, kila ziara ya Dokta, na kila duru waliambiwa hawana kitu. Mwanamke mwenye hatari ya kweli ya saratani ya titi alikuwa sokoni anauza, na alipofika kwetu titi lilikuwa tayari limefanya kidonda. Dokta Felisia alichoka kuwaona wale wa vidonda. Alitaka kila mwanamke apimwe kulingana na yeye mwenyewe: umri wake, uzazi wake, uvimbe aliowahi kuwa nao, magonjwa ya damu yake. Kila mmoja angepata fishi, kadi yake yenye rangi. Nyekundu ilimaanisha mashini wiki hiihii, kisha tena kila baada ya miezi sita. Fishi ya njano ilimaanisha kupapaswa kwa mikono ya Mama Astrida kila mwaka. Fishi ya kijani ilimaanisha mikono leo, kisha nenda nyumbani kwa amani, rudi baada ya miaka miwili, au siku yoyote ukiona badiliko. Kazi yangu ilikuwa kutunga maswali ambayo yangewagawa wanawake wa Kataki katika rangi hizo tatu, na kuyauliza.

Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kama nilivyoifurahia fishi ile. Nilikuwa naamka nimechangamka kama mtu anayesafiri. Niliandika maswali kumi na tisa, na swali la saba, lile la ugonjwa wa mama na ndugu za mama, nililiandika upya mara kumi na moja, kwa sababu niliogopa kumtia mtu huzuni, halafu nikaogopa kwamba kwa kuogopa huzuni nimelifanya lisieleweke, halafu nikaogopa kwamba naogopa sana. Chuoni tulifundishwa kuwa siri ya mgonjwa ni kitu kitakatifu. Basi nilimwingiza kila mwanamke peke yake, nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikashusha sauti. Nje ya mlango huo uliofungwa, kwenye benchi, hapakuwa na siri yoyote. Nilikuwa nasikia kila kitu.

"Miye amenipa ya kijani. Njo nini, ya kijani?"

"Ni ya kurudi ku nyumba."

"Aah! Na huyu mbona amepewa mashini? Amenishinda nini?"

"Amekushinda magonjwa, mama. Unataka nikugawie?"

"Nataka mashini! Miye pia niko na maziwa mawili kama yeye!"

Na benchi lote lilicheka mpaka mbao zikalia.

Mama Deta aliingia siku za mwanzo za duru ya kwanza. Jina lake kamili lilikuwa Bernadeta, umri miaka thelathini na sita, muuza mikebuka, mwanamke mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Aliweka beseni lake chini ya kitanda cha kupimia bila kuomba ruhusa, na chumba kikanuka samaki wabichi siku nzima. Nilipomuuliza alivunja ungo akiwa na miaka mingapi, alimgeukia Mama Astrida: "Huyu Madmazeli wenu ni polisi? Hata bwana yangu hajui hiyo." Lakini alijibu yote. Tulipofika swali la saba, kicheko kilipungua kidogo. "Mama alikufa nikiwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa ku masomo kule Mpala, kwa babu. Kufika huku, nilikuta wameshamuzika."

"Alikuwa anaugua nini?"

"Hawakuniambia. Mutoto wanamuambia nini? Walisema Mungu amemupenda."

Niliandika: haijulikani. Na katika hesabu yangu, ile niliyokuwa najivunia sana, "haijulikani" ilikuwa na pointi sawa na "hapana", yaani sifuri. Mikono ya Mama Astrida haikukuta kitu. Nikampa fishi ya kijani. Mama Deta aliipunga juu kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa, akacheza hatua mbili tatu mbele ya benchi, akatoa mikebuka minne mikubwa kwenye beseni na kutuachia juu ya meza. Tuliila jioni ileile na bukari, ugali wa kwao, nyumbani kwa Mama Astrida, na nakumbuka nilisema, mdomo umejaa, kwamba kazi hii ni nzuri mno, unamwambia mtu habari njema na yeye anakulisha.

Leo nikiikumbuka sentensi ile mwili unanisisimka. Sikumdanganya mtu. Nilifuata kila kitu nilichofundishwa, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Duru ya pili ilipoanza, nilimwonyesha Dokta Felisia mchoro niliouchora kwa rangi: karibu wanawake wote wa Kataki hawana ugonjwa huu katika familia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jinsi nitakavyoueleza mbele ya watu wakubwa, nitavaa nini, nitasimama upande gani wa ukuta. Dokta aliuangalia kwa muda mrefu huku akitafuna kiazi. "Ao wanawake wa hapa wana bahati kuliko dunia yote," alisema, "ao fishi yako imewauliza wasiojua." Sikula tena mchana ule. Nilizirudia fishi zote, moja baada ya nyingine. Haijulikani. Haijulikani. Alikufa na ugonjwa. Walimroga. Mungu alimpenda. Haijulikani.

Jumatano ya wiki hiyohiyo, nyumba ya tatu kutoka kituoni, alikufa bibi mmoja mzee, na Mama Astrida alinivuta twende kwenye kilio. Alinipa sombe, majani ya muhogo, nitwange nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mawe, na hapo ndipo sauti ikanishukia: "Weye mutoto wa makaratasi, toka hapo, unakalia njia ya moshi." Ndiye Mama Veronika. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono iliyokunjamana kwa maji. Katika shirika lao, ile jumuiya ndogo ya parokia inayokusanya nyumba za mtaa, yeye na mama wenzake watatu ndio walioosha kila mwanamke aliyekufa, kwa miaka inayozidi umri wangu. Kwa desturi yao, watoto wa marehemu hawaingii chumba cha kuoshea. Wakitoka humo, waoshaji hunawa kwa maji ya moto na ndimu, huketi kando, na hula kabla ya watu wote, sahani yao peke yao, na hakuna anayewasogelea. Lakini mimi nilikuwa nimehamishwa kutoka kwenye njia ya moshi na kuwekwa nyuma ya ukuta wa matete, hatua nne kutoka kwenye mkeka wao, na mchi mkononi.

"Huyu alikuwa safi," mmoja alisema. "Uzee tu."

"Eeh. Si kama ile ya Kristina. Ile ziwa la kushoto, tuliweka pamba, tukaondoa, tukaweka tena."

"Na dada yake kule Mpala. Walisema vilevile, upande uleule."

"Kristina gani?"

"Si mama yake na Deta, muuza samaki!"

"Nyamazeni mukule," Mama Veronika alisema. "Mupate kumaliza."

Mchi uliniponyoka. Nilisimama pale, majani ya sombe yamenirukia mpaka puani, na kilichonipata siwezi kukiita hofu peke yake. Kulikuwa na hofu, ndiyo, maana nilimwona Mama Deta anacheza na fishi yangu ya kijani. Lakini kulikuwa na kitu kingine, mwanga, kama mtu aliyepapasa ukuta gizani na mkono ukagusa kitasa. Majibu ya swali la saba yalikuwepo. Yalikuwa Kataki siku zote. Nilikuwa nimewafungia mlango wanaoyajua, nikawaingiza peke yao wale ambao desturi yenyewe ilihakikisha hawajui. Mabinti hawakuona. Waoshaji waliona.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kituo kufunguliwa, nilikuwa mlangoni kwa Mama Veronika. Alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza, na aliniacha nisimame mpaka karai la kwanza likaiva. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye sehemu tatu. Niliisahau yote. Nilisema tu, "Mama, jana nilisikia. Mama Kristina. Nataka uniambie ukweli wake, na wa wengine wote mlioosha. Nitaandika. Itasaidia mabinti wao."

Aligeuza maandazi, moja moja. "Unajua kwa nini wananiita miye na hawamuite mutu mwingine?"

"Kwa sababu unajua kazi."

"Kuosha hata weye utajua. Wananiita sababu nikitoka mule, sina kinywa. Nikianza kusema mwili wa mutu mu ofisi yako, kesho nani atanipa mama yake nimuoshe? Watazikwa namna gani?"

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na hoja nyingi mno, na hakuna hata moja iliyokuwa kubwa kuliko yake. Siri niliyofundishwa kuilinda chuoni, yeye alikuwa anailinda tangu kabla sijajua kusoma. Nikakaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alinipa andazi. Lilikuwa la moto mpaka likaniunguza, na nililila hivyohivyo.

"Siwezi kukuambia weye," alisema baadaye, polepole, kama anayejaribu daraja kwa mguu. "Na kwa bwana ya Deta pia siwezi. Lakini ule ulikuwa mwili wa mama yake. Deta mwenyewe akiniuliza, kwa kinywa chake, ni haki yake. Miaka yote hii hajaniuliza. Miye siwezi kumutafuta mutu nimuambie. Ila akiniuliza, siwezi kumunyima."

"Sasa, nikimwambia akuulize..."

"Muambie aulize. Usimuambie jibu."

Nilikimbia mpaka soko. Meza ya Mama Deta ilikuwa tupu. Jirani yake, aliyekuwa anapanga ndagala wake mafungu mafungu, aliniambia bila kuinua kichwa kwamba Deta amepanda boti ya jana kwenda Mpala kununua samaki. "Anarudi kesho. Ao Jumamosi. Ziwa ikikubali." Na Jumamosi mchana Dokta Felisia anaondoka na mashini, na duru inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Nilifikiria kumpigia simu. Hakukuwa na mtandao kwenye fukwe zile. Nilifikiria kumtuma mtu. Nilifikiria kwamba labda waoshaji wamemchanganya Kristina na Kristina mwingine, kwamba naenda kumtisha mtu mzima bure, kwamba fishi ya kijani ni sahihi na mimi ndiye mgonjwa. Mama Astrida alinisikiliza yote hayo wakati anachemsha vifaa, kisha akasema: "Madmazeli, kama ukiwa umekosea, atakutukana, tutacheka, tutakula. Kama haujakosea je?" Hakungoja jibu. Akaniambia niende zangu ufukoni nikangoje boti.

Ijumaa nzima nilikaa ufukoni. Boti ziliingia za Moba, za upande wa Uvira, moja ilibeba magunia ya maharage kutoka milima ya Marungu na mbuzi wawili waliotapika kama watu. Si yake. Nilirudi Jumamosi kabla jua halijapanda. Saa mbili kasoro, boti ya Mpala ikakata kona, imelala upande kwa uzito, na kabla sijaona uso wa mtu nilikisikia kile kicheko. Niliingia majini na viatu.

"Madmazeli! Unaogelea na viatu? Ni nini?"

"Twende kituoni, Mama Deta. Sasa hivi."

"Na samaki? Samaki haingojee! Nimelala nao njiani, nimewanyunyizia maji usiku wote!"

Kulikuwa na mabeseni matatu. Mimi ambaye sijawahi kubeba hata sufuria kichwani, nilipachikwa beseni la mikebuka, maji yakinitiririka shingoni mpaka mgongoni, na nikapanda mtaa wa Kataki hivyo, mikono yote miwili juu, watu wakipiga miluzi. "Ehee! Chuo kikuu imeleta samaki!" Mama Deta nyuma yangu alicheka mpaka akasimama kupumua. Kisha, katikati ya mtaa, kicheko kikakatika. "Madmazeli. Kwa nini unahangaika hivi?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Sikulitoa. "Kuna mtu wa kumuuliza kuhusu mama yako. Anangoja umuulize weye mwenyewe."

Alinipita, akatangulia kwa hatua ndefu mpaka kituoni.

Mama Veronika alikuwa kwenye benchi, kitenge kipya, mikono magotini. Hakuna aliyemwita; alikuja. Wanawake waliokuwa wanangoja walisogea mbali naye kidogo, kama watu wanavyofanya kwa waoshaji. Mama Astrida alipokea mabeseni na papo hapo, kwa sauti ya chini, akaanza kuwauzia samaki wale wanawake wa foleni, ili mikono na macho yao vipate shughuli. Niliufungua mlango waingie ndani. Mama Deta hakuingia. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, mbele ya miguu ya yule mzee.

"Mama. Ni weye uliosha mama yangu?"

"Ni miye, mwanangu. Na wenzangu."

"Alikuwa na nini?"

Mama Veronika alinyanyua mkono wake, akauweka juu ya titi lake la kushoto, juu ya kitenge, akauacha hapo. "Hapa. Ilikuwa imetoboka. Alificha mpaka mwisho. Dada yake Anyesi, yule wa Mpala, vilevile. Walikuwa na miaka kama yako hii."

Mama Deta alibaki amepiga magoti. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Nilitegemea kilio. Badala yake alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei ya sokoni, "Miaka yote hii nilifikiri alinikasirikia, njo maana hakunirudisha kutoka Mpala nimuone." Mama Veronika akamvuta, akamkalisha kando yake kwenye benchi, wakakaa hivyo bega kwa bega. Dokta Felisia alikuwa amesimama mlangoni. Begi la mashini lilikuwa mgongoni, limefungwa. Aliliondoa mgongoni, akaanza kulifungua.

Nilishika tochi ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashini ilikuwa inafanya kazi kwa betri yake. Kwenye kioo hamna kitu kinachofanana na titi. Ni kama kuangalia maji ya ziwa siku ya mawingu, kijivu juu ya kijivu. Dokta alipitisha kichwa cha kifaa taratibu upande wa kulia. Kisha kushoto. Akarudi. Akasimama. Katikati ya kijivu kulikuwa na kidoa cheusi, kingo zake zimechongoka, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Mama Astrida alipapasa mahali pale mara mbili, akatikisa kichwa. "Vidole haisikii," alisema, na nilijua ananisamehe mimi na kujisamehe mwenyewe kwa wakati mmoja. Dokta alichukua kipande kwa sindano, akakitia kwenye chupa. Chupa ile ndogo ilisafiri naye kwa ndege ileile ya mchana, ambayo alikaribia kuikosa, dereva wa pikipiki alimpeleka uwanjani akiwa amekumbatia begi kama mtoto, na Mama Deta akimpigia kelele kutoka mlangoni: "Dokta, usiangushe kipande yangu!"

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na lilikuwa lile tuliloliogopa. Lakini uvimbe ulikuwa mdogo, na ulikuwa peke yake, haujaenda popote. Shirika lilimsindikiza Mama Deta mpaka uwanja wa ndege wakiimba. Alikaa hospitali Lubumbashi miezi mingi. Na mimi katika miezi ile nilifanya kazi kama mtu aliyepewa mwili wa pili. "Haijulikani" niliiondoa kwenye sifuri. Ikawa sababu ya kuuliza zaidi. Mlango niliuacha wazi kwa yeyote ambaye mgonjwa anataka kuja naye. Na swali la saba, lililoandikwa mara kumi na moja, nililitupa lote, tukaandika jingine fupi, mimi, Mama Astrida na Mama Veronika, tukiwa tumezunguka sahani ya viazi: Nani alimwosha mama yako? Kila binti alijua jibu la hilo. Kila mmoja alitaja jina bila kufikiri. Tukamwambia: nenda ukamuulize, ukitaka, kisha urudi. Sisi hatukwenda kuuliza kwa niaba ya mtu hata mara moja. Walienda wenyewe. Asubuhi nyingine niliwakuta wanne wamekaa na mwoshaji mmoja, kila binti na zamu yake ya kuuliza, na kelele za benchi zilikuwa zimebadilika: "Miye nilikuwa ya njano, sasa ni nyekundu!" "Pole." "Pole ya nini? Nitaonekana mapema!" Fishi kadhaa nyekundu zilishuka pia, mabinti waliokuwa na hofu ya bure wakajua mama zao walikufa na mambo mengine kabisa, wakaenda zao wepesi. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinauma. Sikuwa na muda wa kuwaza kama naandika vizuri.

Mwezi wa mwisho wa mkataba wangu, mlango ukazibwa na mtu. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, nywele fupi kama za mwanafunzi zinachungulia, na upande wa kushoto wa blauzi ulikuwa umelala bapa. Chini ya mkono alishika beseni, tupu. Kile kicheko kilikuwa kilekile. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kumi na sita, sare ya shule, shingo imeinama kwa aibu.

"Madmazeli, fungua fishi ya huyu mutoto wangu wa kwanza."

Nilimkumbatia kwanza, na Mama Astrida alimkumbatia baada yangu, na sahani ya viazi ikaanguka. Kisha tabia yangu ikanirudia. Nilimweleza kwamba programu yetu haianzi na umri huo, kwamba msichana wa miaka kumi na sita hapaswi kupimwa wala kutishwa, kwamba yeye atafuatiliwa kweli, mapema kuliko wengine, lakini si leo, kuna utaratibu.

"Nani amesema umupime? Andika tu. Miye ningali hapa, naweza kusema mwenyewe. Mama yangu alingoja mpaka wakamusemea wengine."

Nilichukua fishi mpya. Jina. Mtaa. Umri. Bibi mzaa mama: Kristina, titi la kushoto. Mama mkubwa wa mama: Anyesi, vilevile. Mama Deta alitamka kila neno polepole kama mwalimu wa imla, na msichana alinyanyua shingo, akaanza kusikiliza. Kalamu yangu ikafika swali la saba, na kwa mazoea ya miezi ile, kabla sijafikiri, nilimuuliza yule binti lile swali fupi tuliloliandika juu ya viazi: "Nani alimwosha mama yako?" Nikasikia nilichosema. Nikaona haya mpaka masikioni.

Msichana alimwangalia mama yake, kisha mimi.

"Anajiosha mwenyewe," alisema. "Na anamaliza maji yote."